Mikia Mitatu au Matamvua? Uhakiki wa Istilahi za Tunutu wa Kereng'ende

Miongoni mwa kazi za tafsiri zilizoletwa mbele yetu ili istilahi zake zikaguliwe, umo mwongozo mdogo wa kuwatambua wadudu wa majini. Mwongozo huo umetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watumishi wa idara za maji na walimu wa sayansi. Hatutaji jina la mfasiri wala la ofisi iliyomwagiza kazi, kwa kuwa shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Kiswahili chake ni chepesi, na mahali pengi ameukwepa mtego wa kufuata mpangilio wa Kiingereza neno kwa neno. Hata hivyo, tulipoijaribu sura yake ya kereng'ende kwa kuwatazama wadudu wenyewe, tuliona kwamba msomaji anayeifuata kwa uaminifu hawezi kufika anakokusudiwa kufika.

Makala haya yanaihakiki sura hiyo peke yake. Hoja yetu ni moja, nayo ni kwamba katika mwongozo wa utambuzi istilahi ni chombo cha kuonea. Msomaji wa hadithi akikutana na neno lisilo sawasawa huweza kulivuka, maadam mkondo wa habari humbeba. Msomaji wa mwongozo hubebwa na maneno peke yake. Huulizwa swali, hutazama kiungo, hujibu ndiyo au la, na jibu lake humpeleka kwenye swali jingine. Neno likimwonyesha kiungo kisicho chenyewe, maswali yote yafuatayo huwa ni ya mdudu mwingine.

Uzito wa jambo lenyewe

Kereng'ende aliyekomaa anajulikana na kila aliyewahi kupita kando ya dimbwi au shamba la mpunga. Asiyejulikana na wengi ni mchanga wake, ambaye huishi chini ya maji. Huyo huwinda wadudu wadogo, hujivua gamba mara nyingi kadiri anavyokua, na mwisho hupanda juu ya jani au jiwe, akapasuka mgongoni, akatoka kereng'ende mwenye mabawa. Katika safari hiyo hapitii hali ya kulala ndani ya kifuko kama apitiavyo kipepeo.

Kwa kuwa mchanga huyo hawezi kuruka akayahama maji yaliyoharibika, kuwapo kwake ni ushahidi wa hali ya maji hayo. Ndiyo maana wapima maji wa nchi kadhaa humtazama. Nchini Afrika Kusini upo mfumo uitwao SASS5, uliotolewa na Dickens na Graham mwaka 2002. Katika mfumo huo kila familia ya wadudu na wanyama wadogo wa mtoni hupewa alama kati ya 1 na 15, na wasiostahimili uchafu ndio wapewao alama kubwa. Tanzania nayo ina mfumo wake, TARISS, uliojengwa juu ya msingi wa ule wa Afrika Kusini.

Sasa na tuzitazame alama za SASS5 kwa wale kereng'ende wenye mwili mwembamba ambao ndio kiini cha makala haya. Familia ya Coenagrionidae ina alama 4, Lestidae ina 8, Calopterygidae na Chlorocyphidae zina 10 kila moja. Tuseme mpimaji amepata familia tano zenye jumla ya alama 30. Wastani wake ni 6. Akimwita Calopterygidae kwa jina la Coenagrionidae, jumla itashuka hadi 24 na wastani hadi 4.8. Kijito ni kile kile na maji ni yale yale, lakini taarifa itakayofika mezani kwa mkuu wa idara itasema kwamba kijito kimechafuka. Hayo yote yaweza kuletwa na neno moja la mfasiri.

Majina matatu kwa kiumbe mmoja

Kasoro ya kwanza ya mswada ni kwamba kiumbe huyu mmoja amepewa majina matatu. Katika ukurasa wa mwanzo ni "lava", katikati ni "tunutu", na katika maelezo ya picha ni "kiluwiluwi". Sababu yake yaonekana mara moja. Kiingereza chenyewe kina maneno matatu, yaani larva, nymph na naiad, na waandishi wake huyatumia kwa kufuata mapokeo ya vitabu mbalimbali. Wataalamu wa kereng'ende hawakuafikiana tangu zamani. Philip Corbet, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hii, alilitumia neno la kwanza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1999, ilhali walimu wengi wanalipenda la pili. Mfasiri ameona maneno matatu, naye akatafuta maneno matatu. Ugomvi wa Waingereza ameuhamishia kwetu, na msomaji wa Kiswahili atadhani anaelezwa habari za wadudu watatu.

Tuyapime maneno hayo moja moja. "Lava" limekwisha kuzoeleka katika somo la jiografia kwa maana ya ujiuji wa moto utokao katika volkano, nalo halimwambii msomaji jambo lolote kuhusu umbo la mdudu. "Kiluwiluwi" ni neno zuri, na matumizi yake kwa mchanga wa chura na wa mbu yameenea kila mahali. Lakini hapo ndipo shida ilipo. Maofisa wa afya wamewafundisha watu kwa miaka mingi kwamba viluwiluwi ni wa kuangamizwa, na hao waliokusudiwa ni wa mbu. Kiluwiluwi wa mbu hana miguu. Huyu wetu ana miguu sita. Tena huyu huwala viluwiluwi wa mbu. Kumwita mlaji na mliwa kwa jina moja katika kijitabu kimoja ni kuwachanganya watu pasipo haja. "Buu" na "funza", ambayo mfasiri kwa bahati njema hakuyatumia, ni ya wadudu laini wasio na miguu au wenye miguu isiyodhihirika.

Limebaki "tunutu". Neno hili ni la mchanga wa nzige, ambaye ana miguu kama mzazi wake, ana machipukizi ya mabawa mgongoni, na hukua kwa kujivua gamba bila kupitia kifuko. Sifa zote hizo anazo mchanga wa kereng'ende. Tofauti ni kwamba mmoja hurukaruka nchi kavu na mwingine huishi majini, na tofauti hiyo yatosha kuelezwa kwa kuongeza jina la mzazi: tunutu wa nzige, tunutu wa kereng'ende. Twapendekeza neno hilo litumike peke yake katika mwongozo wote.

Kuna waliotoa shauri kwamba aitwe "tunutu wa mtoni". Shauri hilo halifai. Wengi wao huishi katika madimbwi na mabwawa, na katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji yupo kereng'ende mkubwa mwembamba aitwaye Coryphagrion grandis ambaye tunutu wake hukulia katika maji ya mvua yaliyotuama ndani ya matundu ya miti. Istilahi inayotaja makazi hukanushwa mara tu apatikanapo mmoja anayeishi penginepo.

Mwali au mwembamba?

Wataalamu huwagawa kereng'ende katika makundi makuu mawili. Wa kundi la Anisoptera ni wanene wenye nguvu, nao hutua wakiwa wamenyoosha mabawa. Wa kundi la Zygoptera ni wembamba kama njiti, na wengi wao hutua wakiwa wamekunja mabawa juu ya mgongo. Kiswahili sanifu kina jina moja tu kwa wote, yaani kereng'ende. Kiingereza humwita wa kundi la pili kwa jina lenye maana ya bibiye mchanga, nalo lina asili katika Kifaransa. Mfasiri wetu amelifuata akaunda "kereng'ende mwali".

Hatuoni ubaya wa neno hili kwa sikio, ila lina madhara mawili. Kwanza, mwali kwetu ni mtu aliye katika hatua maalumu ya maisha: amewekwa ndani, anafundwa, kisha atatolewa. Msomaji atadhani kwamba kereng'ende mwali ni kereng'ende ambaye bado hajakomaa, yaani yule yule tunutu. Pili, neno linaelekeza kwenye jike, hata mwongozo umelazimika kuandika "kereng'ende mwali dume", maneno ambayo hakuna mwalimu atakayeyatamka darasani bila wanafunzi kuangua kicheko.

Wajerumani wamelitatua jambo hili kwa ukubwa: wa kundi moja huwaita wadogo na wa jingine wakubwa. Njia hiyo ina walakini kwetu, kwa kuwa Coryphagrion tuliyemtaja ni wa kundi la "wadogo" na huwapita kwa urefu wengi wa "wakubwa". Kugawa kwa namna ya kukunja mabawa nako hakufai, kwa sababu wale wa familia ya Lestidae hutua wakiwa wameyatandaza mabawa yao nusu, nao ni wa kundi la wembamba. Tena tunutu hana mabawa ya kukunja. Sifa inayoonekana kwa aliyekomaa na kwa tunutu vile vile ni wembamba wa mwili. Basi twapendekeza "kereng'ende mwembamba" na "kereng'ende mnene". Ni maneno ya kila siku, hayahitaji kufundishwa, na humwambia msomaji atazame nini.

Mkia usio mkia

Tunakuja kwenye kosa lililo kubwa kuliko yote. Tunutu wa kereng'ende mwembamba hutambulikana upesi kwa viungo vitatu vilivyo kwenye ncha ya fumbatio lake, kwa kawaida vyenye umbo la jani refu. Viungo hivyo humsaidia kuvuta hewa iliyo ndani ya maji, na pia huvipunga huku na huku anapoogelea. Mfasiri ameviita "mikia mitatu".

Atakayesoma "mikia mitatu" akatazama katika bakuli lake atamwona kwanza mdudu mwingine kabisa, yaani tunutu wa oda ya Ephemeroptera. Huyo ndiye hasa mwenye nyuzi ndefu nyembamba nyuma yake, aghalabu tatu na pengine mbili, ambazo kila mtu angeziita mikia. Viungo vyake vya kuvutia hewa havipo nyuma. Vipo ubavuni mwa fumbatio, kila upande. Kuwachanganya wadudu hawa wawili ndilo kosa la kwanza la kila mwanafunzi wa somo hili, na kazi ya mwongozo ni kulizuia. Mwongozo wetu umelifungulia mlango. Hata kwa alama hasara ni kubwa: katika SASS5 familia ya Heptageniidae, iliyo ya oda hiyo, ina alama 13, na Coenagrionidae ina 4.

Neno linalotakiwa lipo. Viungo vya samaki vya kuvutia hewa huitwa matamvua, na neno hilo hilo hutumika kwa nyuzi za pambo zinazoning'inia kwenye ncha ya nguo. Maana zote mbili zatufaa: kiungo ni cha kuvutia hewa, tena kinaning'inia nchani. Twapendekeza "matamvua ya nyuma" kwa tunutu wa kereng'ende mwembamba na "matamvua ya ubavuni" kwa yule wa Ephemeroptera. Msomaji akiulizwa matamvua yako wapi, atajibu sawasawa. Ikumbukwe pia kwamba tunutu wa kereng'ende mnene hana matamvua yanayoonekana. Yake yamo ndani ya utumbo wa nyuma, na maji anayoyavuta huko huweza kuyasukuma nje kwa nguvu yakamrusha mbele. Nyuma yake huonekana ncha fupi tano zilizochongoka, zikikutana kama piramidi ndogo. Mwongozo uliziita "mkia wenye miiba". Neno "ncha" latosha.

Katika habari hiyo hiyo ya matamvua, mswada unasema kwamba katika familia moja "mishipa ya damu" imesimama wima juu ya mshipa wa kati, na katika nyingine imelala mshazari. Alama yenyewe ni ya kweli: katika Lestidae mistari midogo hutoka karibu kwa pembe mraba, na katika Coenagrionidae huinama kuelekea nchani. Ila haihusu damu. Mistari hiyo ni mirija ipitishayo hewa mwilini. Mfasiri aliona kitu kama mshipa wa jani akaliongezea neno "damu" kwa mazoea ya somo la mwili wa binadamu. Iitwe "mirija ya hewa", na mwalimu hatalazimika kueleza kwa nini damu ya mdudu inaonekana kama uzi mweusi.

Mdomo, vipapasio na nywele

Tunutu wa kereng'ende ana chombo cha ajabu cha kukamatia mawindo. Mdomo wake wa chini ni mrefu, una kiungo katikati mfano wa kiwiko, na hukunjwa chini ya kichwa. Mawindo yakikaribia hufyatuka ghafla mbele na kunasa kwa makucha mawili yaliyo nchani. Mswada unakiita "kinyago", kwa kuwa kikiwa kimekunjwa hufunika sehemu ya uso. Tulifikiria pia "barakoa", neno la kale la pwani kwa kifuniko cha uso cha wanawake, ambalo tangu mwaka 2020 kila mtu analijua kwa kitambaa cha kukingia maradhi. Yote mawili yanaeleza kifunikacho, na hakuna linaloeleza kinachofanya kazi. Kiswahili kina njia rahisi ya kutaja chombo kwa kazi yake: kisu cha kukatia, kamba ya kufungia. Kwa njia hiyo hiyo twapendekeza "mdomo wa kunyakulia".

Umbo la mdomo huo ni alama muhimu. Katika Lestidae ya kwetu, yaani jenasi ya Lestes, sehemu yake kubwa ni nyembamba sana mwanzoni na pana mwishoni, na ikikunjwa hufika nyuma hadi kwenye miguu. Mswada unaifananisha na "raketi ya tenisi". Ni wangapi katika wasomaji waliokusudiwa waliowahi kuishika raketi ya tenisi? Kafi la mtumbwi lina mpini mrefu na kichwa bapa kilichopanuka, nalo linajulikana kuanzia Pemba hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Viktoria. Mfano hauna budi kutoka mahali msomaji alipo, maana asipokijua cha kufananishia hatakijua kinachofananishwa.

Vipapasio vya kichwani vimeitwa "papasi". Neno hili limo katika vitabu kadhaa, lakini papasi ni pia mdudu mnyonyaji wa jamii ya kupe akaaye katika nyufa za nyumba za udongo. Mtumishi wa afya atakayesoma kwamba "papasi wa kwanza ni mrefu" hatajua azungumziwaye ni nani. "Kipapasio" halina utata huo. Nalo ni neno la lazima hapa, kwa maana tunutu wa Calopterygidae, ambaye kwetu mfano wake ni Phaon iridipennis, hutambulikana kwa pingili ya kwanza ya kipapasio iliyo ndefu sana, hata kuzifikia au kuzipita zote zilizobaki zikiunganishwa. Alama hiyo huonekana kwa kioo cha kawaida cha kukuzia, na ndiyo itenganishayo alama 10 na alama 4 tulizozitaja.

Mwisho wa sehemu hii ni nywele. Ndani ya mdomo wa kunyakulia zimo nywele ngumu ambazo idadi na mpangilio wake hutumika katika utambuzi. Mswada unaziita "nywele" katika ukurasa mmoja na "miiba" katika ukurasa ufuatao. Mwongozo huo huo unalitumia "miiba" kwa kitu kingine, yaani ncha kali zilizo ubavuni mwa fumbatio la tunutu wengine. Mpimaji aliyeagizwa kuhesabu miiba atahesabu ipi? Kanuni ni ya zamani na haina haja ya kutetewa: kiungo kimoja, jina moja, tangu jalada hadi jalada. Mfasiri anayebadilisha maneno ili maandishi yasichoshe anafanya vema katika riwaya. Katika mwongozo anaharibu.

"Mwenye" na "aliyebaki na"

Si majina peke yake yanayopotosha. Vitenzi navyo vina lao. Tunutu wa kereng'ende mwembamba akishikwa na adui huweza kuliacha tamvua moja au zaidi, kama mjusi aachavyo mkia. Baadaye huota jingine, ambalo kwa kawaida huwa dogo kuliko la awali. Kwa hiyo mdudu mwenye matamvua mawili, au asiye nayo kabisa, ni jambo la kila siku.

Lakini ipo familia moja ambayo kwa asili yake huonyesha matamvua mawili tu, nayo ni Chlorocyphidae. Ndimo alimo Platycypha caligata, yule kereng'ende wa mitoni ambaye dume lake hupunga miguu yenye rangi nyeupe na nyekundu mbele ya jike. Katika tunutu wa familia hii tamvua la kati limefifia, na mawili ya pembeni ni magumu, marefu, yaliyochongoka kama miiba mirefu.

Mswada unasema, katika hatua hiyo, "ana matamvua mawili". Kwa Kiswahili usemi huo unamchukua aliyezaliwa na mawili na aliyenyang'anywa la tatu pasipo kutofautisha. Mpimaji atakayemtia Coenagrionidae aliyejeruhiwa katika kundi la Chlorocyphidae atakipa kijito alama 10 mahali pa 4, na maji machafu yatasifiwa kuwa safi. Lugha yetu ina uwezo wa kutosha wa kuwatenga wawili hao. "Kwa asili ana matamvua mawili, magumu, yaliyochongoka" ni kauli moja. "Amebaki na matamvua mawili, membamba kama jani" ni nyingine. Umbo litajwe pamoja na idadi, wala idadi isitajwe peke yake kamwe.

Kadhalika, mswada haukutilia mkazo neno la mwandishi wa awali lililoonya kwamba alama zote hizi ni za tunutu aliyekaribia kukomaa. Kila kipindi kati ya kujivua gamba na kujivua kwingine chahitaji jina, na mfasiri ameandika mara "umri", mara "hatua", mara "kiwango". Twapendekeza "rika". Kama watu waliotahiriwa pamoja waingiavyo rika moja, ndivyo tunutu avukavyo kutoka rika hadi rika kila ajivuapo gamba. Katika marika ya mwanzo nywele za mdomo ni chache na machipukizi ya mabawa hayaonekani. Msomaji aambiwe mapema kwamba asiyeyaona machipukizi hayo mgongoni asijaribu kwenda mbali zaidi ya kundi kuu.

Aina ya nini?

Tumeliacha neno dogo mwishoni kwa kuwa madhara yake ni makubwa. Katika mswada neno "aina" limetumika kwa oda, kwa familia na kwa spishi. "Aina hii ya wadudu", "aina ya Lestidae", "aina ya Ischnura senegalensis": kote ni aina. Katika mazungumzo ya kawaida hatungelalamika. Hapa tunalalamika, kwa sababu daraja ndilo linalosema utambuzi umefika wapi.

Afrika ya Mashariki ina kereng'ende wa spishi zaidi ya 500, kama walivyoorodheshwa na Dijkstra na Clausnitzer katika kitabu chao cha mwaka 2014. Kutenganisha spishi hizo hutegemea hasa mdudu aliyekomaa, na aghalabu dume: rangi zake, mishipa ya mabawa yake, na viungo vya kushikia jike. Tunutu wa spishi nyingi za Afrika hawajaelezwa bado kwa maandishi. Philip Corbet tuliyemtaja alifanya kazi Jinja, Uganda, katika miaka ya 1950, akaeleza tunutu kadhaa wa eneo hili, na wengine wameendelea baada yake. Hata hivyo kazi iliyobaki ni kubwa. Njia ya uhakika ni kumfuga tunutu hadi atoke kereng'ende kamili, kisha kulihifadhi gamba alilolivua pamoja na mdudu mwenyewe. Mwongozo mdogo kama huu huishia kwenye familia, na ni halali kabisa kwake kuishia hapo.

Sasa mpimaji anaandika katika taarifa yake kwamba ameona "aina nne za kereng'ende wembamba". Yeye amekusudia familia nne. Anayeisoma anaelewa spishi nne, na mwaka ujao mpimaji mwingine akiandika spishi kumi katika mahali pale pale, itaonekana kana kwamba kijito kimefufuka. Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Katika msitu wa Amani, Usambara ya Mashariki, yupo kereng'ende mwembamba aitwaye Amanipodagrion gilliesi, aliyepewa jina na Pinhey mwaka 1962. Makazi yake ni kijito katika msitu huo, na amewekwa katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Ofisa anayetakiwa kuamua juu ya maji ya kijito kama hicho akiletewa taarifa kwamba "aina hii ipo pia katika mito mingine", ana haki ya kuuliza: aina ipi, oda, familia au spishi? Neno lililomo halimjibu. Kwa hiyo, ijapokuwa "spishi", "jenasi", "familia" na "oda" ni maneno ya kukopa, hatuna budi kuyatumia kila mahali daraja linapohusika, na kuliacha "aina" kwa matumizi ya kawaida.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twatoa istilahi zifuatazo ili zijadiliwe na wasomaji wa jarida hili kabla hazijapelekwa kwenye kikao cha kusanifisha:

1. Tunutu wa kereng'ende: mchanga wa kereng'ende aishiye majini, tangu atokapo yaini hadi ajivuapo gamba la mwisho.
2. Kereng'ende mwembamba, kereng'ende mnene: makundi mawili makuu, Zygoptera na Anisoptera.
3. Matamvua ya nyuma; matamvua ya ubavuni: viungo vya kuvutia hewa kwa kadiri ya mahali vilipo.
4. Mirija ya hewa: mistari ionekanayo ndani ya tamvua.
5. Mdomo wa kunyakulia: mdomo wa chini uliorefuka na kukunjika.
6. Kipapasio, pingili ya kipapasio.
7. Nywele ngumu, kwa zilizomo mdomoni; miiba, kwa ncha za fumbatio; maneno haya yasibadilishane nafasi.
8. Machipukizi ya mabawa: vifuko vya mgongoni ambamo mabawa hukua.
9. Rika: kipindi kati ya kujivua gamba na kujivua kufuatako.
10. Oda, familia, jenasi, spishi: madaraja ya uainishaji.

Wako watakaosema kwamba ingekuwa rahisi zaidi kuyatohoa maneno yote ya kigeni, maadam masomo ya sayansi ya sekondari nchini Tanzania yangali yakifundishwa kwa Kiingereza. Jibu letu ni kwamba mwongozo huu hautaishia darasani. Utashikwa na mtumishi aliyesimama ndani ya kijito akiwa na wavu mkononi, na pengine na mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji. Mtu huyo akisoma "matamvua ya nyuma, matatu, bapa kama jani", atajua pa kutazama hata kama hajawahi kumwona mdudu huyo.

Mswada tumemrudishia mfasiri pamoja na maelezo haya, tukimwomba jambo moja zaidi: kabla hajaleta nakala ya pili, awape watu watatu wasiojua Kiingereza sura hii pamoja na tunutu kumi wa kweli, kisha ahesabu ni wangapi waliotambuliwa sawasawa. Twawaomba wafasiri wengine wa miongozo ya namna hii, iwe ya wadudu, ya samaki au ya magugu, wafanye vivyo hivyo, na watuletee matokeo pamoja na orodha zao za istilahi.